Kiungo Kimoja, Dhana Tatu: Uhakiki wa Istilahi za Maungio ya Mwili katika Kiswahili cha Sayansi na Afya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi ambazo Kiswahili hutumia kueleza maungio ya mifupa ya mwili wa binadamu, kazi zake na maradhi yake. Hoja kuu ni kwamba tatizo la uwanja huu halitokani na uhaba wa maneno. Kiswahili kina hazina kubwa ya msamiati wa maungio, lakini neno moja, kiungo, limeachwa libebe dhana tatu zilizo ndani ya uwanja uleule, na tofauti nyingine muhimu kwa tiba zimefifia kwa sababu hiyohiyo ya mgawanyo mbovu wa maneno yaliyopo. Makala yanachunguza mzizi -ung-, istilahi za aina za maungio, jozi ya kano na ukano, kitenzi teguka, na majina ya maradhi yakiwamo baridi yabisi na chikungunya. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaistilahi na watunga sera.

Maneno makuu: istilahi, kiungo, maungio, anatomia, Kiswahili cha afya, kauli ya kutendua

1.0 Utangulizi

Mgonjwa mwenye nyonga iliyolika anapoelezwa na tabibu kwamba atahitaji kiungo bandia, ana haki ya kujiuliza kama mguu wake utakatwa. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kiungo bandia ni mguu au mkono wa kutengenezwa anaovishwa mtu aliyepoteza wa kwake. Tabibu hakukusudia hilo. Alikusudia kifaa kinachowekwa ndani ya mwili, mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja hukutana na tundu la nyonga, ili mgonjwa aendelee kutembea kwa mguu wake mwenyewe. Maneno ni yaleyale, dhana ni mbili, na baina yake umo uamuzi mzito wa kukubali au kukataa upasuaji.

Mfano huu unafaa kutangulizwa kwa sababu mijadala ya istilahi za Kiswahili huegemea zaidi swali la uhaba: neno fulani la kigeni litafsiriwe vipi, likopwe au liundwe. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, katika uwanja wa maungio ya mwili halifiki kwenye kiini cha tatizo. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bega, kisugudi, kiwiko, kifundo, nyonga, goti na pia ya goti. Ana pingili, gegedu, kano na ute. Ana kunja na kunjua, pinda na nyoosha, tegua na teguka. Anachokosa ni mpangilio unaompa kila mshiriki wa mazungumzo ya kitabibu uhakika kwamba neno alilolisikia ndilo lililosemwa.

Suala hili lina uzito wa kisera. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia mwaka 2022 kitumike kama lugha rasmi. Tanzania inakitumia kufundishia katika shule za msingi za serikali, ilhali sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Kadiri Kiswahili kinavyovuka mipaka na kuingia hospitalini, ndivyo utata uliokuwa ukivumiliwa mtaani unavyogeuka kuwa hatari kwa mgonjwa.

2.0 Mzizi -ung- na mzigo uliotwishwa

Kutoka kitenzi unga yametoka maneno mengi: ungana, muungano, kiunganishi, maungo, kiungo. Neno kiungo limetanda kuliko yote. Mpishi hutia viungo katika pilau. Mtangazaji wa kandanda humsifu kiungo mkabaji. Maana hizi mbili hazimtatizi yeyote, kwa kuwa jikoni na uwanjani hakuna anayezungumzia mifupa. Lugha zote huishi kwa namna hii. Neno la Kigiriki arthron na mwenzake wa Kilatini articulus yalimaanisha ungio la mwili, na wanasarufi wa kale wakayatumia pia kwa kipashio cha sarufi kinachotangulia nomino. Hakuna tabibu aliyewahi kupotezwa na wanasarufi hao.

Ugumu huanza pale maana kadhaa zinapokaa ndani ya uwanja mmoja. Katika Kiswahili cha afya, kiungo hutumika kwa dhana tatu. Ya kwanza ni mahali mifupa inapokutana, kama katika maumivu ya viungo. Ya pili ni mkono au mguu, kama katika ulemavu wa viungo na kukatwa kiungo. Ya tatu ni sehemu ya mwili yenye kazi maalumu, kama moyo, figo au ini, na ndiyo inayopatikana katika viungo vya uzazi na uchangiaji wa viungo. Dhana hizi hukutana katika chumba kimoja, mbele ya mgonjwa mmoja, mara nyingine katika sentensi moja. Upandikizaji wa kiungo waweza kueleweka kuwa ni kupokea figo ya mtu mwingine au kuwekewa goti la chuma na plastiki. Tofauti baina ya mambo hayo ni kubwa: la kwanza linahitaji mchangiaji na dawa za kuzuia mwili usikikatae kilichopandikizwa, la pili halihitaji mchangiaji wala dawa hizo.

Wapo watakaojibu kwamba muktadha huondoa utata. Jibu hilo lina nguvu yake katika nadharia. Mtazamo wa Eugen Wüster, uliosisitiza dhana moja kwa istilahi moja, umekosolewa vikali, hasa na Rita Temmerman katika kitabu chake cha mwaka 2000, kwa kuwa wanasayansi wenyewe hutumia maneno yenye maana nyingi na bado huelewana. Lakini muktadha unaozungumziwa ni mali ya wanaoshiriki maarifa yaleyale. Madaktari wawili wakiitazama picha ya eksirei ya nyonga wanaweza kusema kiungo bila shida, maana jicho limekwisha kuamua. Mgonjwa hana picha hiyo akilini. Kwake yeye neno ndilo linalojenga muktadha. Hoja ya muktadha, kwa hiyo, humlinda mtaalamu na kumwacha mgonjwa bila kinga.

Ikumbukwe pia kwamba anatomia ya Ulaya iliwahi kukumbwa na vurugu ya majina, ingawa ya upande wa pili. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 majina yapatayo 50,000 yalikuwa yakitumika kwa sehemu za mwili zisizofikia idadi hiyo hata kwa mbali, kila shule ya tiba ikishikilia yake. Orodha iliyoafikiwa Basel mwaka 1895 iliyapunguza hadi takribani 5,500, na baada ya marekebisho kadhaa ikafuatwa na orodha ya kimataifa ya Terminologia Anatomica ya mwaka 1998. Funzo la historia hiyo ni kwamba mpangilio haukuja wenyewe kwa kuachia matumizi yachuje. Ulikuja kwa wataalamu kukaa pamoja na kuamua.

3.0 Majina ya umbo na ukweli wa kazi

Maelezo yaliyozoeleka shuleni huyagawa maungio kwa kufananisha umbo lake na vifaa. Lipo ungio la bawaba, la tufe na tundu, la egemeo, la tandiko, na yale ya kuteleza. Mbinu hii ni nzuri kwa mwanafunzi, mradi mfano usichukuliwe kuwa ndio ukweli wenyewe.

Goti ni kielelezo cha hatari hiyo. Huorodheshwa pamoja na kisugudi kuwa ni bawaba, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba goti hufunguka na kufungwa kama mlango. Bawaba halisi huruhusu mwendo wa mhimili mmoja tu. Goti lililokunjwa huweza pia kuzunguka kidogo, na linaponyooshwa kabisa mifupa yake hujifunga kwa mzunguko mdogo unaomwezesha mtu kusimama kwa muda mrefu bila kuichosha misuli. Ni katika mzunguko huo, mguu ukiwa umekita chini na mwili ukigeuka ghafla, ambapo wanasoka wengi huumia. Istilahi inayolifanya goti kuwa bawaba humficha mwanafunzi sababu ya jeraha analolishuhudia kila wiki kiwanjani.

Kinyume chake, mfano wa tufe na tundu unafaa kwa bega na kwa nyonga pia, lakini hauonyeshi kinachoyatofautisha. Tundu la nyonga ni la kina na hulikumbatia tufe. Tundu la bega ni la kina kifupi, mithili ya kisahani. Kwa hiyo bega huenda pande nyingi kuliko ungio lolote la mwili, na kwa sababu hiyohiyo ndilo ungio kubwa linalotoka mahali pake mara nyingi zaidi. Kila ungio ni mapatano baina ya wepesi wa mwendo na uthabiti, na kinachoongezwa upande mmoja hupunguzwa upande wa pili. Maelezo yanayoishia kwenye umbo hayafiki katika kanuni hii, ambayo ndiyo roho ya somo lenyewe.

Kiswahili kinayo njia ya kuieleza kazi bila kutegemea vifaa. Misuli inayoendesha maungio hufanya kazi kwa jozi: mmoja ukikunja kisugudi, mwingine hukikunjua. Sarufi ya Kiswahili imelibeba jambo hili katika kauli ya kutendua: kunja na kunjua, kama ilivyo funga na fungua, ziba na zibua. Kiambishi kimoja kinasema kwamba tendo la pili linabatilisha la kwanza. Mwalimu anayefundisha ukunjaji na ukunjuaji kama jozi ya kisarufi anafundisha wakati huohuo upinzani wa misuli. Inasikitisha kwamba maelezo mengi huacha hazina hii na kutumia kukunja na kunyoosha, vitenzi viwili visivyo na uhusiano wa kimaumbo, hivyo kupoteza dokezo ambalo lugha imelitoa bure.

Mfano mwingine wa hekima iliyomo tayari ni pingili. Mkulima wa miwa anajua fundo ni wapi na pingili ni ipi: pingili ni kipande kigumu, fundo ni mahali vipande viwili vinapokutana. Kuuita mfupa mmoja wa uti wa mgongo pingili ni kuuona mgongo mzima kama muwa. Mlinganisho huu una kasoro moja inayostahili kuelezwa darasani: fundo la muwa halipindi, ilhali baina ya pingili za mgongo pana visahani vya gegedu vinavyoruhusu mgongo kuinama na kupokea mishindo. Kasoro ikitajwa, mfano huwa somo. Ikifichwa, huwa upotoshaji.

Neno ute nalo lastahili kutazamwa. Majimaji yanayolainisha maungio huitwa katika lugha za Ulaya kwa jina linalohusishwa na Paracelsus, mganga wa karne ya 16, na ambalo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa linayafananisha na yai. Mswahili, ambaye husema ute wa yai kwa ile sehemu nyeupe, hahitaji kukopa: ute wa maungio unatoa picha ileile kwa wepesi zaidi. Aidha, ute huo hufanya zaidi ya kulainisha. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka katika ute, na mwendo wa ungio husaidia kuifikisha lishe hiyo. Hapo ndipo ushauri wa kufanya mazoezi unapopata maana, na pia sababu ya gegedu kuchelewa kupona ikijeruhiwa.

4.0 Kano, ukano na kuteguka

Kinachounganisha msuli na mfupa si sawa na kinachounganisha mfupa na mfupa. Katika mazungumzo, vyote viwili huitwa kano, na mara nyingine mshipa, neno ambalo tayari limebeba njia ya damu, neva na hata ngiri. Mtu angeweza kudhani kwamba suluhisho ni kugawana maumbo mawili yaliyopo: kano iwe ya msuli, ukano uwe wa mfupa kwa mfupa. Pendekezo la aina hiyo lingeanguka kwa sababu ya kisarufi. Nomino za umbo la ukano huelekea kupoteza u- katika wingi, kama ukuta unavyotoa kuta. Wingi wa ukano utakuwa kano, na tofauti iliyojengwa kwa uangalifu katika umoja itayeyuka mara tu goti lenye nne kati ya hizo litakapoelezwa. Istilahi isiyostahimili wingi haifai. Heri kano ibakie kwa msuli na mfupa, na neno la kutoholewa ligamenti litumike kwa mfupa na mfupa, hata kama sikio la mpenda lugha litalalamika kidogo.

Kitenzi teguka nacho kinadai uamuzi. Husemwa mtu ameteguka kifundo cha mguu pale ligamenti zinapovutika, na husemwa vilevile pale mfupa unapotoka katika tundu lake. Huduma ya kwanza kwa hali hizo mbili inafanana kwa kiasi, lakini mfupa uliotoka lazima urudishwe na mtu aliyefunzwa, kwa kuwa kuuvuta kiholela huweza kuumiza neva na mishipa ya damu. Muundo wa neno lenyewe unaonyesha njia. Tega ni kuweka kitu tayari mahali pake. Tegua ni kukiondoa katika hali hiyo, kama katika kutegua mtego. Kuteguka, kwa mantiki hii, ni kutoka kwa kilichokuwa kimetegwa. Maana hiyo inaafiki mfupa uliotoka mahali pake. Kwa ligamenti iliyovutika, maelezo ya wazi kama kuvutika kwa ligamenti yatatosha.

Majina ya maungio mahususi hayajasalimika pia. Kiwiko kwa wengi leo ni kisugudi, lakini wapo wasemaji wanaokitumia kwa ungio la kiganja au, katika kiwiko cha mguu, kwa kifundo. Fomu ya hospitali inayoandika jeraha la kiwiko bila ufafanuzi inaweza kusomwa Mombasa kwa namna moja na kwingineko kwa namna nyingine.

5.0 Majina ya maradhi na nadharia zilizojificha

Jina la ugonjwa hubeba nadharia ya chanzo chake. Baridi yabisi ni maneno mawili yanayoeleza ubaridi na ukavu, sifa mbili miongoni mwa nne zilizotumiwa na tiba ya kale ya Kigiriki na Kiarabu kueleza mizani ya mwili. Jina hili leo hutumiwa kwa maradhi yenye vyanzo tofauti: kulika kwa gegedu, na hali ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa maungio. Hata jongo, unaotokana na chembe za asidi ya yuriki na wenye jina lake mwenyewe, huingizwa mara nyingi katika kapu hilo. Mgonjwa anayeamini kwamba chanzo ni baridi ataongeza mablanketi na kuchelewa kupata dawa ya kutuliza kinga, huku maungio ya vidole yakiendelea kuharibika. Haki inadai isemwe kwamba lugha za Ulaya hazijatakasika: jina lao la jumla la maradhi haya latokana na neno la Kigiriki la mtiririko, likirithi nadharia ileile ya majimaji ya mwili. Tofauti ni kwamba tiba yao imeongeza majina mahususi juu ya lile la jumla. Kiswahili hakilazimiki kuitupa baridi yabisi. Kinalazimika kuacha kuitumia peke yake.

Afrika Mashariki, kwa upande mwingine, imewahi kuupa ulimwengu majina bora ya maradhi ya maungio. Mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ulielezwa na Robinson na Lumsden mwaka 1955, na ugonjwa ukajulikana kwa jina la Kimakonde, chikungunya, linaloelezea hali ya kukunjamana kwa mwili wa anayeugua. Machapisho kadhaa yamelihesabu kimakosa kuwa neno la Kiswahili. Miaka michache baadaye, kuanzia mwaka 1959, ugonjwa wa jamii hiyo uliibuka Uganda na kuwafikia watu wapatao milioni mbili katika eneo hili. Nao umebaki na jina la Kiacholi, o'nyong-nyong, linalohusu kudhoofika kwa maungio. Wasemaji wa lugha hizo hawakubahatisha chanzo wasichokijua. Walitaja walichokiona: mwili uliokunjamana, maungio yaliyolegea. Jina la aina hiyo halizeeki maarifa yanapobadilika.

Lamu mwaka 2004 ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa chikungunya. Katika hali kama hiyo tangazo la afya husema dalili ni homa na maumivu ya viungo. Msomaji anaweza kuelewa maumivu ya mikono na miguu kwa jumla, jambo ambalo malaria nayo huleta. Dalili inayopaswa kumshtua ni maumivu makali katika maungio yenyewe, vifundoni, vidoleni na magotini, yanayoweza kudumu kwa miezi. Neno lililo pana mno huufanya ugonjwa huu ufanane na homa nyingine zote.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanapendekezwa. Mosi, dhana tatu za kiungo zitenganishwe katika maandishi ya sayansi na afya: ungio, wingi maungio, kwa mahali mifupa inapokutana, ogani kwa moyo, figo na mfano wake, na kiungo kibakie kwa mkono au mguu. Neno maungio tayari limo vinywani mwa watu, na kiishio -io huonyesha mahali tendo linapotendeka, kama katika kimbilio na egemeo. Pendekezo hili lina udhaifu wake: maungio yanakaribiana kimatamshi na maungo, yaani mwili au sehemu zake. Kwa sababu hiyo lijaribiwe kwanza kwa wagonjwa wa nchi mbalimbali kabla ya kuidhinishwa. Pili, kano, ligamenti na teguka zipewe mipaka iliyoelezwa. Tatu, majina ya jumla ya maradhi yafuatwe daima na jina mahususi au maelezo ya chanzo. Nne, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zishirikishe matabibu, wauguzi na wagonjwa tangu hatua ya kwanza ya usanifishaji, badala ya kuwakabidhi orodha iliyokwisha kukamilika.

Utekelezaji uanzie mahali pa athari kubwa zaidi, yaani fomu za ridhaa ya upasuaji. Fomu hiyo ni fupi, hutiwa saini, na kosa lake hulipwa kwa mwili. Mgonjwa wa nyonga aliyetajwa mwanzoni akisoma kwamba atawekewa ungio bandia la nyonga na kwamba mguu wake utabaki, atakuwa na la kuuliza kuhusu gharama, maumivu na muda wa kupona. Hayo ndiyo maswali anayostahili kuyafikiria kabla ya kutia saini.